Siku ya kutokwenda popote nayo ni likizo

Ikiwa umewahi kulala katika hoteli ya Busia au Malaba majuma mawili ya mwisho ya Desemba, bila shaka unavijua vishindo vya alfajiri. Saa kumi na moja kasoro milango inagongwa, watoto wanavutwa kutoka kitandani wakilia, chupa za chai zinajazwa, na huko nje baba mtu anapiga honi kama dereva wa matatu anayewania abiria. Leo ni safari ya Jinja kuona mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Jana ilikuwa msitu wa Kakamega. Juzi ilikuwa Kisumu, kwenye hifadhi ya swala pala. Kesho, Mola akijalia, ni maporomoko ya Sipi kwenye miteremko ya Elgon upande wa Uganda, na keshokutwa ni kufunga virago na kurejea Nairobi.

Mpenzi msomaji, utaniwia radhi, lakini mimi siiti hiyo likizo. Hiyo ni kazi ya kibarua ambayo ujira wake ni picha katika simu. Familia hutoka Nairobi ikiwa imechoka, ikasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi mpakani, ikazunguka siku tano mfululizo bila kutua, kisha ikarudi mjini imechoka maradufu. Januari inapoanza, baba ana maumivu ya mgongo, mama ana kichwa kisichotulia, na watoto wanakohoa. Halafu tunashangaa.

Sisemi watu wasitembee. Mtoto aliyeuona Mto Nile kwa macho yake amefaidika kuliko aliyeusoma kitabuni, na msitu wa Kakamega ni hazina ambayo wengi wetu tunaipita tukikimbilia kwingine. Ninachosema ni kwamba kila siku ya safari ifuatwe na siku ya kutokwenda popote. Siku hiyo isionekane kuwa ni hasara au kwamba gari limeharibika. Ipangwe tangu mwanzo, na ilindwe kama tunavyolinda miadi ya daktari.

Najua ugumu wake. Tumeshalipia chumba, tumeomba ruhusa kazini kwa shida, na huenda tusije tena huku mwaka ujao. Mtu akilala hadi saa tatu anahisi kana kwamba fedha zinamwagika sakafuni. Zaidi ya hayo, Januari mwalimu ataagiza insha ya likizo, na kuna mzazi atakayeona haya mwanawe akiandika kwamba alishinda chini ya mwembe akichambua njugu. Mimi ningempa mtoto huyo alama za juu.

Tuanze na usingizi, kwa sababu ndio unaoibwa kwanza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5, na humo likasema mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kila siku, ukiwemo usingizi wa mchana. Wataalamu wa usingizi wa Marekani nao wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mwenye umri wa miaka 6 hadi 12. Sasa piga hesabu. Mtoto aliyelala saa nne usiku kwa sababu mlirudi mmechelewa kutoka Kakamega, kisha akaamshwa saa kumi na moja alfajiri kwenda Jinja, amepata saa 7. Ukirudia hivyo siku tatu, usishangae akianza kulia bila sababu, kukataa chakula na kumpiga dada yake. Wengi humwita mtoto huyo mtundu, na wengine humchapa, ilhali anachohitaji ni kitanda.

Watu wazima nao hawajasalimika. Kuna utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ambao daima hunijia akilini msimu wa Krismasi. Watafiti waliwachunguza watu 153 wenye afya njema, wakawauliza wamekuwa wakilala kwa muda gani, kisha wakawatia puani virusi vya mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walishikwa na mafua karibu mara 3 kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Kwa hiyo mafua ya Januari, ambayo tunayalaumu baridi ya Limuru na vumbi la barabarani, pengine tunayanunua wenyewe kwa kuamka usiku.

Lakini hapa mpakani kuna sababu nyingine ya kumwacha mtoto alale, nayo ni nzito kuliko mafua. Busia iko katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria imekita mizizi kuliko sehemu yoyote nyingine ya Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta kwamba katika ukanda huo watoto 19 kati ya kila 100 wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14 walikuwa na vijidudu vya malaria mwilini, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 6. Sote tumefundishwa kwamba mbu wa malaria huuma usiku. Ni kweli, lakini si kweli yote. Utafiti uliofanywa katika kaunti hii ya Busia na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mbu hao huendelea kuuma alfajiri na mapema asubuhi, saa ambazo watu wamekwisha kutoka chini ya chandarua.

Hebu mrudie yule mtoto wa saa kumi na moja. Ametolewa katika chandarua, amevishwa kaptura kwa sababu Jinja kuna joto, ameketishwa kwenye ngazi za hoteli gizani akisubiri baba atafute funguo za gari. Hakuna mahali bora zaidi pa kumkaribisha mbu. Mtoto wa Busia angalau huanza kuchanjwa dhidi ya malaria akiwa na miezi 6, kwani kaunti hii ni mojawapo ya zile 8 za magharibi ambako chanjo hiyo ilianza kutolewa kuanzia Septemba 2019. Isitoshe, mwili wake umezoeana kwa kiasi fulani na ugonjwa. Wako wa Nairobi hana chanjo hiyo wala mazoea hayo. Mwache alale chini ya chandarua hadi jua litoke. Na kabla ya kulala usiku wa kwanza, nyoosha chandarua hicho cha hoteli ukitazame dhidi ya taa. Kikiwa na matundu, omba kingine bila haya.

Chumba chenyewe nacho kinataka kuchaguliwa. Malaba ni mji wa malori. Ingawa vituo vya pamoja vya forodha vimepunguza usumbufu, na kile cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018, bado foleni hutokea. Wengi wanakumbuka Januari 2022, malori yalipojipanga kwa kilomita nyingi kutokana na mvutano juu ya ada za vipimo vya korona upande wa Uganda. Hata siku za kawaida magari hayo hunguruma usiku kucha. Moshi wa dizeli si harufu mbaya tu. Tangu mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mtoto mwenye pumu hahitaji kuambiwa habari hizo na mtaalamu yeyote, atazihisi kifuani. Omba chumba cha nyuma, kinachotazama shamba au ua. Mandhari ya barabara utayaona mchana.

Haya, jua limetoka, watoto wameamka wenyewe saa mbili na nusu, na hakuna anayekwenda popote. Mnafanya nini?

Kwanza mnakunywa uji bila haraka. Huku kwa Wateso na Waluhya, wimbi si chakula cha wagonjwa kama tunavyodhani mjini. Uji wa wimbi una kalsiamu nyingi kupita ule wa mahindi, na ukitiwa ndimu kidogo watoto wataomba kikombe cha pili. Hoteli nyingi zitakupa mkate na soseji usipouliza. Uliza. Waambie wapishi tangu jana yake kwamba mnataka uji wa wimbi na viazi vitamu, na utaona jinsi watakavyofurahi kupika kitu wanachokijua.

Baada ya hapo waacheni watoto. Hili ndilo gumu kwa mzazi wa mjini, aliyezoea kuwapangia wanawe kila saa kama ratiba ya treni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Kifungu hicho hakisemi acheze kwa tiketi. Mpe kamba, mpira wa makaratasi, vizibo vya soda na kivuli. Kama kuna watoto wa wafanyakazi au wa jirani, katika dakika kumi watakuwa wamekwisha kuelewana, na utasikia kati, bano na brikicho zikichezwa na watoto ambao hawajawahi kuonana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi ya kutosha kila siku. Katika siku ya safari ya Jinja ameketi garini zaidi ya kilomita 100 kwenda na zaidi ya 100 kurudi. Katika siku ya kutokwenda popote, dakika hizo 60 hukamilika kabla ya saa nne asubuhi, bila mtu kuzihesabu.

Jua la hapa likipanda, mpaka kwenye saa sita, watu wote wenye busara huhamia kivulini. Huu ndio wakati wa michezo ya kuketi. Bao, au ajua kama wengi wanavyoliita magharibi mwa Kenya, halihitaji kununuliwa. Chimba vishimo ardhini, okota kokoto, na umtafute mzee wa kuwafundisha. Daima yupo. Mtoto anayechukia hesabu shuleni atahesabu kokoto hizo kwa uangalifu wa karani wa benki, maana hapa akikosea analiwa.

Kazi ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya kuchambua njugu karanga. Nunua debe dogo sokoni zikiwa bado na maganda, zimwage juu ya mkeka, na familia nzima ikae kuzizunguka. Mikono inafanya kazi na midomo inazungumza. Nimewahi kusikia vijana wa miaka 15, ambao kwa kawaida hawajibu zaidi ya neno moja, wakisimulia mambo mazito ya shuleni huku macho yao yakiwa kwenye njugu. Ukimketisha kijana huyo mbele yako umuulize ana shida gani, hakuambii. Njugu hizo zina somo la afya pia. Wafundishe watoto kutupa zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa sababu humo ndimo hujificha sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu 125 Ukambani na viunga vyake. Na wenye umri wa chini ya miaka 5 wasipewe njugu nzima watafune. Huingia kwenye koo la hewa kwa urahisi mno. Waponde au wasage.

Kwa mchezo mwingine unahitaji veranda ya ghorofani iliyo mbali kidogo na barabara. Kila mtoto achague nchi, kisha wahesabu malori kwa nambari zake. Za Kenya huanza kwa K, za Uganda kwa U, za Rwanda kwa R, na wakibahatika wataona ya Kongo au ya Sudan Kusini. Baada ya nusu saa wataanza kuuliza maswali. Lori hili limebeba nini? Kwa nini mafuta yanakwenda huku na mbao zinakuja huku? Kigali ni mbali kiasi gani? Waeleze pia kwamba neno bodaboda lilizaliwa papa hapa mpakani, pale waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 na 1970 walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kati ya vituo vya nchi mbili. Hawataamini kwamba neno linalosikika Afrika Mashariki nzima limetoka katika barabara wanayoitazama. Ila kuitazama bodaboda ni jambo moja na kuipanda ni jingine. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na kofia ngumu. Baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja kwenda kununua soda ni jambo la kila siku Busia, na wodi za mifupa zinajua mwisho wake.

Watoto watataka maji, hasa mchana. Kama hoteli ina kidimbwi cha kuogelea, kichunguze kabla hujawaruhusu. Simama ukingoni upande wenye kina. Kama huoni sakafu yake waziwazi, maji hayo hayafai, hata meneja akuapie. Kikifaa, mtu mzima mmoja akae ukingoni bila simu, bila gazeti, hata hili unalolisoma. Wengi tunadhani anayezama hupiga kelele. Mtoto huzama kimya, katika muda wa kujibu ujumbe mmoja. Kuhusu ziwa, najua mtashawishika kuteremka hadi Port Victoria kula samaki, nanyi mle kwa furaha, lakini watoto wasiingie majini. Ufuko wa Ziwa Victoria una konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi katika dakika chache, bila maumivu yoyote ya kumwonya mtu.

Kuna wanaoona kwamba kukaa kabisa bila kutoka ni adhabu. Kwa hao kuna matembezi ya nusu siku ambayo hayamchoshi mtu. Kutoka Malaba si mbali kufika Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, palipo na mwamba wenye michoro ya kale ya miviringo na ng'ombe. Mahali hapo panatunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 2024 wanaakiolojia walitangaza kwamba katika udongo wa pango hilo walipata mabaki ya kunde za miaka ipatayo 2,300, za kale kuliko zote zilizokwisha kupimwa umri moja kwa moja katika Afrika Mashariki. Nendeni saa tisa alasiri jua likipoa, mrudi kabla ya giza, na njiani mnunue fungu la kunde. Watoto wakizichambua jioni huku wakijua kwamba mboga hiyo imeliwa hapa hapa kwa zaidi ya miaka 2,000, hutalazimika kuwabembeleza wazile.

Wengi wenu mnaosoma haya hamlali hotelini. Mnakwenda nyumbani kwa wazee, Nambale au Funyula, Amukura au Angurai. Kwenu ushauri ni uleule, na faida ni kubwa zaidi, kwa sababu kuna nyanya. Mjukuu anayepitia kwa nyanya yake dakika ishirini, kati ya safari ya jana na ya kesho, hurudi na kuku wa kuchinja na picha moja. Anayeshinda naye siku nzima hurudi na maneno ya Kiteso au ya Kisamia. Atajua kwa nini nusu ya jamaa zake wako ng'ambo ya mpaka, maana hadi mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa Uganda, na mstari uliopita baadaye haukuuliza nani ni shangazi ya nani. Na nyanya mwenyewe hupata dawa ambayo hospitali haina. Upweke wa wazee ni jambo la afya, unakwenda pamoja na shinikizo la damu na huzuni ya muda mrefu, ingawa katika kliniki zetu ni nadra kuulizwa.

Nikifika hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya akina baba hawatalipenda. Katika nyumba nyingi siku ya mapumziko ni ya wote isipokuwa mama. Baba amekaa chini ya mti na wenzake, mbele yao chungu cha ajono na mirija mirefu, wakijadili mahari na mpaka wa shamba. Watoto wanacheza. Mama yuko jikoni tangu saa kumi na mbili, akipika chapati za watu ishirini katika moshi wa kuni. Hiyo si siku ya kutokwenda popote, kwani yeye amekwenda jikoni, na safari hiyo haina kurudi hadi usiku. Panga chakula chepesi siku hiyo. Ugali wa wimbi na muhogo, omena, kunde, basi. Wavulana wakubwa wateke maji na kuosha sufuria, hawatavunjika mikono. Na mama alale mchana, mlango ukiwa umefungwa, watoto wakijua kwamba akiitwa lazima kuwe na damu au moto.

Kuhusu simu, sitahubiri sana, kwa kuwa mhubiri naye ana ya kwake mfukoni. Lakini tuelewane kwamba mtoto aliyepewa simu siku nzima ili wazazi wapumzike hajapumzika yeye. Mwongozo ule wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kwa wakubwa, jaribuni saa maalumu, tuseme baada ya chakula cha mchana jua likiwa kali, kisha simu zote, za wazazi zikiwemo, ziingie katika mkoba mmoja. Nusu saa ya kwanza watalalamika kwamba wamechoshwa na kukaa bure. Vumilia. Kuchoshwa huko ndiko huzaa mchezo.

Jioni inapoingia, kabla mbu hawajaanza, vaeni mikono mirefu na soksi. Watoto waoge mapema. Hapo ndipo mzazi atakapopata jambo ambalo siku ya safari haimpi, yaani muda wa kumtazama mwanawe. Unapomwogesha bila haraka utaona upele ambao jana hukuuona, utahisi joto la paji la uso, utagundua kwamba hajapata choo siku tatu kwa sababu ya kushinda garini akila biskuti. Nimezungumza na wazazi ambao mtoto alianza kuchemka njiani kuelekea mbugani, wakampa dawa ya maumivu na kuendelea na safari kwa kuwa tiketi zilikuwa zimelipiwa. Homa huku ukanda wa ziwa haingoji tiketi. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyohiyo, na matibabu ya malaria yaanze ndani ya saa 24. Akitapika kila anachokunywa, akishikwa na degedege au akilegea asiweze kuketi, ni hospitali mara moja, hata kama ni saa nane za usiku. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha bila kipimo.

Kwa wanaosafiri mwaka huu, mwoneni daktari kabla ya kutoka Nairobi mumuulize kuhusu dawa za kinga ya malaria, hasa kama kuna mjamzito au mtoto mdogo. Na kama mna mpango wa kuvuka kwenda Uganda, cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuikimbilia usiku wa kuamkia safari hakusaidii.

Mkisharudi, kuna jambo la kuandika kwenye daftari la kliniki la mtoto, na mliandike siku mnayoshuka garini: tarehe mlizokuwa Busia au Malaba. Malaria aghalabu hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mtoto aliyeumwa Desemba 26 anaweza kuanza kutetemeka Januari 7, akiwa darasani Nairobi, mahali ambapo daktari hana sababu ya kufikiria malaria kwanza. Atatazama koo, atatoa dawa ya mafua, na siku mbili zitapotea. Usingoje aulize. Ukiingia tu chumbani mwake mwambie, "Daktari, tulikuwa Busia."